Okot p'Bitek na Chimbuko la Wema

Mara nyingi twaulizana: mtu asiyemwamini Mungu huupata wapi wema wake? Hapa Shishiyu tunao majirani wasiokanyaga kanisani, nao hawaibi, hulea yatima, na hulipa deni siku waliyoahidi. Ili tulifikiri jambo hili, tumeona vema tueleze habari za Okot p'Bitek wa Uganda, aliyekuwa mwalimu kama sisi.

Okot alizaliwa Gulu, katika nchi ya Waacholi, mwaka 1931. Wazazi wake walikuwa Waprotestanti. Alisoma Gulu na Budo, akajifunza ualimu Mbarara, kisha akafundisha shule na kuongoza kwaya. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza pamoja na timu ya mpira ya Uganda, iliyocheza pekupeku. Akabaki huko, akasoma Bristol, Aberystwyth na Oxford. Alichukizwa sana kuwasikia walimu wa Oxford wakiwaita Waafrika washenzi. Ni huko Uingereza pia imani aliyolelewa nayo ilikomtoka.

Baadaye alichunguza dini ya Waacholi, akasimulia kisa hiki. Mwaka 1911 mapadre wa Kiitaliano waliwauliza wazee ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba, basi swali likageuka kuwa nani aliyewafinyanga, kama chungu. Wazee wakajibu kwamba hawajui. Walipozidi kubanwa, mmoja akakumbuka kwamba mtu apindaye mgongo kwa maradhi husemwa amefinyangwa na Rubanga. Mapadre wakalichukua jina hilo la pepo wa kibiongo, wakaliweka kuwa jina la Mungu.

Kwa sababu hiyo, katika kitabu chake cha mwaka 1970, Okot aliwapinga wataalamu waliosema Waafrika wote walimjua Mungu mmoja tangu zamani. Miongoni mwao alikuwa John Mbiti wa Kenya, kasisi wa Kanisa letu la Anglikana.

Basi wema ulitoka wapi? Okot alifundisha kwamba hakuna azaliwaye peke yake. Mtoto hufika duniani akiwa tayari mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, ndugu wa fulani, na kila udugu una wajibu wake. Kwa Waacholi, mtu akiua, ukoo wake hulipa fidia, kisha pande mbili hunywa pamoja dawa chungu ya mzizi wa oput, ili uadui ukome. Katika Wimbo wa Lawino, uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1966, mke anamlaumu mumewe msomi kwa kuwadharau watu wake mwenyewe.

Okot aliongoza jumba la michezo ya kuigiza la taifa, Kampala, akaondolewa baada ya kuwasema watawala. Aliishi Kenya miaka mingi, akifundisha Nairobi. Alirudi Makerere, akafariki mwezi Julai 1982.

Sisi Wasukuma hatuwezi kumkana upesi. Kabla ya misioni kufika, nsumba ntale aliwaita vijana wakalime shamba la mgonjwa, nao walikwenda. Mtume Paulo naye, katika sura ya 2 ya Waraka kwa Warumi, anakiri kwamba wasio na sheria wanayo mioyoni mwao.

Lakini swali moja limebaki. Wajibu wa ukoo wamtosha ndugu. Je, mgeni asiye na ukoo kijijini atalimiwa na nani? Bwana wetu alilijibu kwa habari za Msamaria. Tukumbuke hata hivyo kwamba kuhani na Mlawi walipita kando, na aliyesimama ni mtu waliyemhesabu kuwa nje ya dini. Kwa hiyo tusimwendee jirani asiyesali kana kwamba hana moyo. Tumwulize kwanza nani alimfundisha kutenda mema, tumsikilize. Tena akiugua wakati wa kulima, tufike shambani kwake na majembe.