Alfred Binet na swali lililobeba jibu

Jina la Alfred Binet linajulikana kwa kila mtu aliyepita katika somo la saikolojia hapa kwetu, lakini mara nyingi linakuja katika mstari mmoja tu wa silabusi: 1905, kipimo cha akili, Binet na Simon. Mwanafunzi anaunakili mstari huo, anaurudisha siku ya mtihani, na habari inaishia hapo. Mimi ni mwanafunzi wa lugha, si wa saikolojia. Nilianza kuyafuata maisha ya mtu huyu kwa sababu ya somo la mbinu za utafiti, ambalo sisi sote tunalipita kabla ya kuandika kazi ya mwisho, na ambalo wengi tunalipokea kama orodha ya maneno ya kukariri: dhana, sampuli, dodoso, mahojiano. Nataka kuwaonyesha wanafunzi wenzangu, na kwa heshima walimu wetu, kwamba maisha ya Binet ni somo hilo lenyewe, na kwamba kiini chake ni jambo letu sisi watu wa lugha: namna swali linavyoulizwa.

Binet alizaliwa Nice tarehe 8 Julai 1857, wakati mji huo ulipokuwa bado chini ya ufalme wa Sardinia; uliingia Ufaransa mwaka 1860. Baba yake alikuwa daktari na mama yake mchoraji. Wazazi walitengana, na mtoto akalelewa na mama. Mwaka 1878 alipata shahada ya sheria huko Paris, lakini sheria haikumshika. Alijaribu udaktari, akauacha. Ndipo akaanza kwenda kwenye maktaba kubwa ya taifa na kujisomea vitabu vya saikolojia, bila mwalimu wa kumwongoza.

Mwaka 1883 aliingia Salpêtrière, hospitali ya Paris ambako daktari Jean-Martin Charcot alikuwa na sifa ya dunia nzima. Huko, pamoja na daktari Charles Féré, alifanya majaribio juu ya wagonjwa wa histeria waliolazwa katika usingizi wa hipnosi. Wawili hao walitangaza jambo la ajabu: wakisogeza sumaku karibu na mgonjwa, kupooza kwa mkono wa kuume kunahamia mkono wa kushoto, hata huzuni inaweza kugeuka furaha. Binet alikuwa kijana, mkubwa wake alikuwa Charcot, na matokeo yalikuja kila siku kama yalivyotarajiwa.

Kutoka Liège, Ubelgiji, alikuja mtu mmoja kujionea mwenyewe. Jina lake Joseph Delbœuf. Aliona kwamba wagonjwa waliojaribiwa walikuwa wachache mno, na waliizoea kazi hiyo. Aliona pia kwamba madaktari walizungumza wazi mbele ya mgonjwa juu ya kile walichokingojea, na sumaku yenyewe ilionekana kwa macho. Aliporudi kwao alirudia majaribio akichunga yale waliyoyaacha, na ile nguvu ya sumaku haikuonekana. Kilichohamisha kupooza ni maneno. Binet alijibu kwa ukali mwanzoni, lakini baada ya miaka michache alikubali mbele ya watu kwamba ushawishi ulikuwa umeingia katika kazi yake yote. Akaiacha Salpêtrière.

Wengine wangeishia hapo. Yeye aliligeuza anguko lake kuwa swali la maisha: kama maneno ya mtafiti yanaweza kuunda matokeo, basi tuyapime maneno hayo yenyewe.

Alianzia nyumbani. Alikuwa amemwoa Laure Balbiani mwaka 1884, na walikuwa na mabinti wawili, Madeleine na Alice. Mwaka 1890 aliandika makala juu yao. Aliwauliza kitu fulani ni nini, akagundua kwamba mtoto mdogo anajibu kwa matumizi: kisu ni cha kukatia nyama. Kila mzazi anayesikiliza watoto wake anaweza kulithibitisha hilo leo jioni. Miaka mingi baadaye, mwaka 1903, alitoa kitabu kizima kilichotegemea majibu ya mabinti hao hao, akiwataja kwa majina mengine. Aliwaomba waandike maneno 20, kisha akauliza kila neno lilitoka wapi akilini. Aliwapa kitu kimoja wakieleze, na akaona mmoja anahesabu sehemu zake, mwingine anakifanya kuwa hadithi. Wasichana wa nyumba moja, mama mmoja, lakini lugha zao mbili tofauti.

Mwaka 1891 aliingia maabara ya saikolojia ya Sorbonne bila mshahara, na kufika mwaka 1894 akawa mkurugenzi wake. Wakati huo alianzisha pamoja na Henri Beaunis jarida L'Année psychologique, ambalo linatoka hata sasa. Hata hivyo hakupata kamwe kiti cha profesa nchini kwake. Mwaka 1902 kiti cha Collège de France alichokitaka kilipewa Pierre Janet. Labda ndiyo sababu alitumia muda wake katika shule za msingi kuliko katika kumbi za hotuba.

Katika shule hizo, pamoja na Victor Henri, aliwasomea watoto orodha za maneno yasiyohusiana, kisha sentensi nzima. Sentensi zilikumbukwa vizuri zaidi, tena watoto walibadilisha maneno na kuweka mengine ya maana ile ile. Walishika maana, wakaachilia umbo. Yeyote kati yetu aliyewahi kurekodi hadithi ya bibi mara mbili na kulinganisha nakala anajua jambo hilo.

Kitabu chake cha mwaka 1900 juu ya kushawishika ndicho ninachotaka kukaa nacho. Katika jaribio moja aliwaonyesha watoto mistari, mmoja mmoja. Ya kwanza ilizidi kuwa mirefu, kisha iliyofuata ilikuwa sawasawa. Watoto wengi waliendelea kuichora mirefu zaidi na zaidi, kwa sababu mwanzo uliwafundisha kungojea hivyo.

Katika jaribio jingine aliwaonyesha kwa sekunde chache ubao wenye vitu vidogo, kimojawapo kifungo cha nguo kilichobandikwa kwa gundi. Kisha akaligawa swali. Wengine waliambiwa waandike yote waliyoyaona. Wengine waliulizwa kifungo kilishikizwa vipi. Wengine waliulizwa kama hakikushikizwa kwa uzi. Wengine waliulizwa uzi huo ulikuwa wa rangi gani. Uzi haukuwapo. Walioandika kwa uhuru walikosea kidogo kuliko wote; walioulizwa rangi walikosea kuliko wote, na wengi walitaja rangi bila kusita. Tena mtoto aliyekosea alikuwa na uhakika sawa na aliyepatia.

Hapa mwanafunzi wa lugha lazima asimame. Kile alichokibadilisha Binet hakikuwa ubao wala kifungo. Alibadilisha sarufi. Swali la rangi limekwisha kukubali kwamba uzi upo. Linaomba tu nyongeza. Mwaka 1975, huko Marekani, Elizabeth Loftus na Guido Zanni waliwaonyesha watu filamu fupi ya ajali ya gari. Wengine waliulizwa kama waliona taa iliyovunjika, kwa kibainishi cha Kiingereza kinachoonyesha kitu kinachojulikana. Wengine kwa kile cha kitu kisichojulikana. Walioulizwa kwa kibainishi cha kwanza walisema ndiyo mara nyingi zaidi kuhusu taa ambayo haikuwapo. Neno moja dogo lilitosha.

Kiswahili hakina vibainishi hivyo, lakini kina njia yake. Linganisha: uliona uzi? na: uliuona uzi? Katika Kiswahili sanifu, kiambishi kile cha yambwa kinamwambia msikilizaji kwamba uzi tunaujua, mimi na wewe. Je, kinamsukuma shahidi kama kibainishi cha Kiingereza? Na katika Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho ngeli zake zimepungua, kinafanya kazi gani? Hilo ni swali ambalo darasa moja linaweza kulijaribu katika juma moja: picha moja, makundi mawili yaliyogawanywa kwa bahati nasibu, sentensi mbili zinazotofautiana kwa silabi moja. Mwanafunzi atajifunza humo sampuli, kundi la kulinganisha na makosa ya kipimo, bila kukariri hata moja.

Turudi kwa Binet. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba akili inapimwa kwa ukubwa wa kichwa. Naye alipima vichwa vya wanafunzi, waliofaulu na waliofeli. Tofauti zilikuwa ndogo mno. Akajishuku: huenda mkono wake mwenyewe uliokuwa unashika kipimo ulikuwa unafuata matarajio yake. Akapima upya, na tofauti zikapungua tena. Aliyekuwa ameandika juu ya kushawishika kwa watoto alikubali kwamba hata yeye anashawishika. Njia ile aliiweka kando.

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume juu ya watoto walioshindwa kufuata masomo. Shule ilikuwa ya lazima tangu 1882, na haikujulikana nani asaidiwe kwa namna ya pekee. Binet alikuwa mjumbe. Alijua kwamba madaktari walimpa mtoto mmoja majina tofauti ya upungufu, kila mmoja kwa kuona kwake, na jina hilo liliweza kumtoa mtoto darasani. Mwaka 1905, pamoja na daktari Théodore Simon, alitoa majaribio 30 yaliyopangwa kutoka rahisi hadi gumu, baada ya kuyajaribu kwa watoto wa kawaida wa umri wa miaka 3 hadi 11. Mwaka 1908 aliyapanga upya kufuatana na umri, na mwaka 1911 aliyarekebisha tena. Tarehe 18 Oktoba mwaka huo alikufa Paris, akiwa na miaka 54.

Majaribio mengi kati ya yale ni ya lugha: kutaja vitu katika picha, kurudia sentensi, kueleza maana, kutunga sentensi yenye maneno matatu, Paris, utajiri na kijito. Yalifaa watoto wa Paris. Binet mwenyewe alionya kwamba alama si kitu cha kudumu ndani ya mtoto, na katika kitabu chake cha 1909 alipinga wale waliosema akili haiongezeki. Alitaka mtoto aliyepatikana dhaifu afundishwe kwa mazoezi yake. Lakini kipimo kilivuka bahari bila onyo hilo. Henry Goddard alikitafsiri huko New Jersey mwaka 1908, na baadaye kikatumika kwa wahamiaji waliofika Ellis Island, wamechoka na safari, wakiulizwa kupitia wakalimani. Goddard akatangaza kwamba wengi wao walikuwa na akili pungufu. Mwaka 1912 William Stern alikuwa amependekeza kugawanya umri wa akili kwa umri wa kuzaliwa, na mwaka 1916 Lewis Terman akaieneza namba hiyo kutoka Stanford: QI tunayoisikia hadi leo.

Yaliyotokea Ellis Island si ya kale. Mtoto wa Katuba au Ruashi anayesikia Kiswahili, Kiluba au Kibemba nyumbani, akiulizwa kwa Kifaransa cha kitabu, anaweza kunyamaza. Mpimaji anaandika sifuri. Sifuri hiyo inapima nini, akili au lugha ya swali? Mwalimu, hakimu, muuguzi na mtafiti wote wanaishi kwa kuuliza. Na wanaowafundisha kusema ni sisi.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja. Somo la mbinu lifundishwe kwa tafiti halisi, za zamani na za sasa, zifunguliwe mezani kama fundi anavyofungua injini. Tuchukue ile ya mwaka 2015, ambapo watafiti 270 walirudia tafiti 100 za saikolojia: karibu zote za mwanzo zilikuwa zimedai matokeo imara, lakini zilizorudiwa ziliyapata kwa kiasi cha thuluthi moja na kidogo. Ni kazi ya Delbœuf, imefanywa kwa wingi. Mwanafunzi anayeisoma anauliza mara moja: walibadilisha nini? waliuliza vipi? nani alikuwa anasikiliza?

Na kabla ya kupeleka dodoso mtaani, kila mmoja wetu ampe mwenzake maswali yake na kumwomba atafute uzi ambao haupo. Ukipatikana, uondolewe. Kazi hiyo haihitaji maabara wala fedha. Inahitaji mtu anayejua sarufi, na kitivo hiki kinao wengi.