Marey na Bunduki Isiyoua

Étienne-Jules Marey alizaliwa mwaka wa 1830 katika mji wa Beaune, nchi ya Ufaransa. Baba yake alitaka awe daktari, lakini yeye alipenda mitambo. Basi alimtii baba yake, wala mitambo hakuiacha. Alipokuwa daktari alitengeneza chombo kilichochora mapigo ya damu kwenye karatasi iliyopakwa masizi.

Baadaye alitaka kujua jinsi mtu anavyokwenda, maana hatua hupita upesi na jicho haliwezi kuikamata. Kwanza aliwavika watu viatu vyenye mifuko ya hewa. Kila walipokanyaga, hewa ilisukuma kalamu ndogo. Kisha mwaka wa 1882 alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki. Jina la hapa kwetu, Mzinga, ni jina la silaha na pia la makao ya nyuki. Bunduki ya Marey haikuwa na risasi. Ilipiga picha 12 kwa sekunde moja, na ndege aliyelengwa akaendelea kuruka salama.

Mwaka uleule alipata uwanja wa utafiti huko Paris. Alipowapiga picha watu wakitembea, picha zote katika bamba moja la kioo, zilifunikana hata zisisomeke. Basi akamvika mtu nguo nyeusi tangu kichwani hata miguuni, akamtia mistari myeupe mikononi na miguuni, na vitone ving'aavyo kwenye viungo, akamtembeza mbele ya ukuta mweusi. Picha ikaonyesha mistari tu, na mwendo ukasomeka kama maandishi.

Marey alikufa Paris mwaka wa 1904. Siku hizi kompyuta hutafuta goti, nyonga na kiwiko katika picha za kawaida, bila nguo nyeusi, ikaviunganisha kwa mistari kama yake. Waganga huitumia kupima mwendo wa wagonjwa, na walimu wa michezo kupima wakimbiaji.

Lakini njia iliyoondoa uso ili mwendo uonekane ina hatari yake. Mwaka wa 1895 daktari Félix Regnault aliwapiga picha Waafrika wa Magharibi walioletwa Paris kwenye maonyesho, ili alinganishe mataifa kwa miendo yao, kana kwamba mtu ni miguu tu. Mama ashukaye Uluguru na mkungu wa ndizi kichwani, kompyuta yaweza kuonyesha shingo yake ilivyotulia. Anakokwenda, na sababu ya haraka yake, haiyajui. Hayo sharti aulizwe mwenyewe. Ndugu wasomaji, tutakaosomea mitambo hii tusisahau kuuliza.