Gustav Rose, mtu aliyepanga mawe ya mbinguni kwa makundi

Wakaazi wa Luena, mji wa makaa ya mawe, wanajua kwamba mawe mawili yanaweza kufanana nje na kumbe ndani ni tofauti kabisa. Mjerumani Gustav Rose alionyesha jambo hilo hata kwa vimondo, yale mawe yanayoanguka toka mbinguni.

Alizaliwa Berlin tarehe 18 Machi 1798, mtoto wa mtengeneza dawa. Alipokuwa na miaka 5 tu, mwaka 1803, mawe mengi yalianguka L'Aigle, Ufaransa. Mbele ya hapo wataalamu wengi waliwacheka wanakijiji waliosema wameona jiwe likishuka toka juu. Sasa wakakubali. Lakini swali likabaki: mawe hayo ni ya namna gani?

Rose alisoma kwa Berzelius kule Sweden. Mwaka 1829 akamsindikiza Alexander von Humboldt mpaka milima ya Ural na Altai. Kaka yake Heinrich naye alikuwa mtaalamu: ndiye aliyeipa niobi jina lake mwaka 1844. Niobi hiyo, pamoja na tantali, ndiyo inapatikana ndani ya koltani ya huku kwetu mashariki.

Mwaka 1856 Gustav akawa mkuu wa makumbusho ya madini ya Berlin. Humo mlikuwa na vimondo vingi, pamoja na vile vilivyoachwa na Ernst Chladni. Rose hakutosheka na sura ya nje. Alivichunguza ndani kwa mikroskopi, na mwaka 1864 akatoa mpango wake. Vingi kati ya vile vya mawe vilikuwa na punje ndogo za mviringo. Akaviita kondriti, toka neno la Kigiriki lenye maana ya punje.

Alikufa mwaka 1873, lakini jina hilo linatumika hata leo. Waliomfuata waliongeza herufi: H ni chuma kingi, L ni chuma kidogo, LL ni kidogo zaidi. Tena wakaongeza namba: kuanzia 3 mpaka 6, namba ikipanda, ni kusema jiwe lilipata joto zaidi lilikotoka.

Tarehe 14 Agosti 1992 mawe yalianguka Mbale, Uganda. Yakaandikwa L5/6: kondriti yenye chuma kidogo, iliyopata joto kali. Safari hii hakuna mtaalamu aliyewacheka wanakijiji. Mawe yenyewe yalikuwa ushahidi wao.