Gitaa la Mwenda
Jean-Bosco Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga, mji wa Msiri, mtawala ambaye asili yake ni Usumbwa, katika Tanzania ya leo. Gitaa alilipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, akaimba Kiswahili. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jadotville. "Masanga" ukavuka bahari. Mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia.

Twamsikia hata leo kwa sababu chombo cha kurekodia kilimfikia angali kijana. Je, wapiga zeze wangapi wa Buhigwe wamezikwa na nyimbo zao? Ndugu viongozi, Bara na Visiwani, wazee waliobaki hawatatungoja.