Louise Pommery, mjane aliyepunguza sukari katika shampanye

Mwaka wa 1858, katika mji wa Reims, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, mfanyabiashara Alexandre Pommery alifariki dunia. Alimwacha mke wake Louise, aliyekuwa na umri wa karibu miaka 39, kijana mmoja wa kiume na mtoto wa kike ambaye alikuwa bado mchanga. Aliacha pia sehemu yake katika kampuni ya divai iliyokuwa na miaka miwili tu. Mjane huyo angeweza kuiuza na kulea watoto wake kwa utulivu. Yeye aliamua kuiongoza.

Louise Mélin alizaliwa mwaka wa 1819 huko Annelles, katika eneo la Ardennes. Kampuni aliyoirithi ilikuwa ikiuza zaidi divai nyekundu ya kawaida. Aliielekeza kwenye divai ya mapovu, na huko ndiko alikokutana na tatizo la sukari.

Shampanye ya wakati huo ilikuwa tamu kupita kiasi. Chupa zilizopelekwa Urusi zingeweza kuwa na gramu zaidi ya 200 za sukari kwa lita, karibu mara mbili ya sukre tunayokunywa leo. Ilinywewa mwisho wa chakula, pamoja na keki. Sukari hiyo ilisaidia pia kuficha makosa: zabibu zilizochumwa kabla ya kuiva, au divai iliyotolewa pangoni mapema mno.

Adolphe Hubinet, aliyemwakilisha London, alijua kwamba Waingereza walikuwa tayari na divai tamu za kumalizia chakula, kama vile porto. Walichokosa ni shampanye kavu, yaani isiyo tamu, ya kunywa pamoja na chakula chenyewe. Wengine walikuwa wamejaribu mbele ya Pommery bila mafanikio makubwa, na sababu inaeleweka. Ukiondoa sukari, divai ya Champagne inauma ulimi kama ndimu. Ili kuilainisha, lazima mkulima angoje zabibu ziive zaidi, huku akiogopa mvua na kuoza. Kisha chupa zikae pangoni muda mrefu, na pesa zikae humo pamoja nazo.

Naye wakati huohuo alikuwa akitumia pesa nyingi. Kuanzia mwaka wa 1868 alijenga makao mapya juu ya machimbo ya chaki ya zamani za Waroma. Chini, mita 30 hivi ardhini, njia za kilomita 18 ziliunganisha mashimo hayo, ambamo joto hubaki karibu nyuzi 10 mwaka mzima. Vita ya 1870 ikaleta majeshi ya Wajerumani hadi Reims. Hata hivyo kazi iliendelea, na mavuno mazuri ya 1874 yakampa divai aliyoitafuta. Waingereza waliipenda.

Leo neno brut kwenye chupa linamaanisha sukari isiyozidi gramu 12 kwa lita. Ili kuionja vizuri, ipoze hadi nyuzi 8 au 10, si kama barafu, maana baridi kali huua harufu. Nusa kwanza: pome bichi, ndimu, ganda la mkate. Mdomoni, uchachu na mapovu husafisha mafuta na chumvi. Ndiyo maana inakubaliana na chaza, samaki, kuku wa kukaanga na, kwa maoni yangu, sambaza wa ziwa Kivu walio moto. Kwenye arusi zetu tunaifungua pamoja na keki, halafu wageni wanakunja uso. Divai haina kosa: utamu wa keki unaifanya ionekane chachu zaidi.

Pommery aliwawekea wafanyakazi wake mfuko wa ugonjwa na wa uzee, jambo la nadra kwa wakati huo. Alipenda sana mawaridi, na kijiji cha Chigny, alikokuwa na nyumba, kikaja kuitwa Chigny-les-Roses. Mwaka wa 1889 alilipa franga 300.000 kununua picha ya Jean-François Millet inayoonyesha wanawake watatu maskini wakiokota masuke yaliyobaki shambani. Alifariki mwaka uliofuata, na picha hiyo, aliyoitoa kwa taifa, ikaingia Louvre. Sasa iko katika jumba la Orsay, Paris.