Askofu Tucker na Fedha za Kanisa

Wengi wetu huku Shinyanga na Geita tukisikia jina la Askofu Alfred Tucker hufikiri habari za Uganda tu. Lakini njia yake ilipita kwetu. Mwishoni mwa mwaka 1890 alifika Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, pamoja na msafara wa mfanyabiashara Charles Stokes. Hapo palikuwa na kaburi la Alexander Mackay, aliyefariki Februari mwaka ule ule, na hapo hapo wakafa kwa homa vijana wawili wa safari yake, Hunt na Dunn. Tarehe 27 Desemba aliingia Mengo.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1849, akawa mchoraji wa picha kabla ya kuwa kasisi. Mtu angedhani mchoraji hawezi mambo ya fedha. Sivyo. Mwaka 1891, kampuni ya Kiingereza iliyoshika utawala wa Uganda ilipotaka kuondoka kwa kukosa fedha, alikwenda kwao kuomba msaada, na katika mkutano mmoja London zikachangwa karibu paundi 8,000. (Kama ilifaa fedha za waumini kuitegemeza kampuni, hilo ni jambo la kubishaniwa.)

Basi mtu mwenye wafadhili wa namna hiyo angeweza kulilea Kanisa lake kwa mfuko wa Ulaya. Tucker alikataa. Fedha za Ulaya ziwalipe wamisionari. Lakini mashemasi, makasisi na walimu wa Kiafrika, pamoja na nyumba za ibada, vitegemee sadaka za wenyeji, zikiwa mikononi mwa halmashauri ya Kanisa lao. Na sadaka siku zile zilikuwa kauri, mbuzi, kuku na ndizi! Mweka hazina anayechoka kuhesabu sarafu za Jumapili na awafikirie wale waliohesabu kauri kwa maelfu. Posho za walimu zilikuwa ndogo sana, nao waliumia. Hata hivyo, aliyetoa alijua nani amepokea na kazi gani imefanyika, kwa maana mwalimu alikuwa kijijini kwake.

Jambo gumu lilikuwa jingine. Mwaka 1897 Tucker alileta katiba ambayo ingewaweka wamisionari na Waafrika katika Kanisa moja, chini ya sinodi moja. Wamisionari wengi walipinga. Hawakupenda mambo yao yaamuliwe na baraza lenye Waafrika wengi. Shauri hilo lilivutana zaidi ya miaka 10. Katiba ilipopita mwaka 1909, mambo ya wamisionari na fedha zao yalibaki chini ya chama chao. Kwa hiyo Mganda alitoa hesabu ya sadaka zake mbele ya wenzake, bali hesabu ya mgeni ilisomwa London. Naona hapo Tucker alishindwa, ingawa yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Nassa, katika Usukuma, ilikuwa chini ya uaskofu wake hadi kazi ile ilipokabidhiwa African Inland Mission mwaka 1909.

Kanisa kuu la matofali la Namirembe, ambalo wenyeji walilijenga kwa mali na mikono yao, aliliweka wakfu mwaka 1904. Septemba 1910 radi ililiteketeza. Tucker alistaafu mwaka 1911, akafariki London mwaka 1914, huku waumini wakichanga tena; jengo lililopo sasa lilimalizika mwaka 1919.