NABII ILYAS (A.S.) NA UFALME ULIOGAWANYIKA

Wanafunzi wapenzi, kila tunapofika Surat As-Saffat darasani huwa tunaulizwa: Nabii Ilyas (A.S.) alitumwa kwa watu gani? Tumeona tuwaandikie habari zake ili na wazazi nyumbani wazisome.

Tuanze nyuma kidogo. Nabii Daud (A.S.) na mwanawe Nabii Suleiman (A.S.) waliwaongoza Bani Israil wakiwa taifa moja, makao yao makuu yakiwa Baytul Maqdis. Nabii Suleiman alipofariki, kiasi cha mwaka 930 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), umoja ule haukudumu. Vitabu vya Ahlul Kitab vinaeleza kuwa watu walimuomba mwanawe, Rehoboamu, awapunguzie mzigo wa kazi. Wazee walimshauri akubali, vijana wenzake wakamshauri azidi kukaza. Akawafuata vijana. Makabila ya kaskazini yakajitenga, na falme zikawa mbili: Israil kaskazini na Yahuda kusini.

Miaka 60 hivi baadaye, Israil ilitawaliwa na Ahabu katika mji wa Samaria. Alikuwa na jeshi kubwa. Hata maandishi ya Waashuri yanamtaja katika vita vya mwaka 853. Mkewe, Yezebeli, alikuwa binti wa mfalme wa Saida, nako waliabudu sanamu la Baal wakidai ndilo liletalo mvua. Ibada hiyo ikaenea Israil kwa nguvu ya ikulu.

Hapo ndipo wanahistoria wanapomweka Nabii Ilyas. Qur'ani Tukufu inatueleza kwamba aliwauliza watu wake vipi hawamchi Mwenyezi Mungu, wakaliomba Baal na kumwacha Mbora wa waumbaji, Mola wao na Mola wa baba zao. Wakamkadhibisha, isipokuwa waja waliosafishwa. Imepokewa pia kuwa mvua ilizuiliwa miaka mitatu, na sanamu lao lisiwape hata tone.

Hakuwa na jeshi wala ikulu, wala hakunyamaza. Baada yake alikuja Nabii Al-Yasaa (A.S.).

Na falme zile? Waashuri waliiteka Samaria mwaka 722, watu wake wakahamishwa. Yahuda ilibaki, lakini nayo haikuzingatia. Mwaka 586 Bukhtunassar wa Babeli akaibomoa Baytul Maqdis.

Tunajifunza nini? Kwanza, dharau kwa ushauri wa wazee na ugumu kwa wanyonge huvunja nyumba, sembuse ufalme. Pili, wingi wa watu si dalili ya haki. Mwanafunzi anayekataa peke yake kuiba mtihani wakati wenzake wote wanaiba, ana mfano mwema kwa Nabii Ilyas.

Ahabu na magari yake ya vita yamepita. Lakini Mwenyezi Mungu amemwachia Nabii Ilyas salamu kwa watu wa baadaye, na watoto wetu wanaisoma hadi leo. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa waja wake waliosafishwa. Amin.